Umeme Uliofia Kwenye Kiungo

Jumamosi ile nilimwalika Wilmer chai ya jioni bila kumwambia mjukuu wangu Rayén. Nilijua atanuna, na kweli alinuna. Alipomwona kijana wa watu mlangoni, anahema kwa kupanda ngazi za kilima chetu cha Cerro Barón, alinigeukia akaninong'oneza, "Bibi, umefanya nini?"

"Nimealika mgeni. Lete kikombe kingine, kile kisicho na ufa."

Hawa wawili walikuwa hawasemeshani. Wanasoma pamoja chuoni hapa Valparaíso, Chile, na mwaka mzima walikuwa wakitengeneza ndani ya kompyuta seli moja ya neva, ya jicho la degu, yule panya wetu wa vilimani mwenye mkia kama brashi. Wilmer, mtoto wa Oruro huko Bolivia, alitengeneza mwili wa seli, ambao ni mnene. Rayén alitengeneza uzi wake, ule mwembamba unaopeleka umeme mbali. Kila kipande kikijaribiwa peke yake kilikwenda vizuri. Walipoviunganisha, umeme ukawa unaanza mwilini, unafika kwenye kiungo, pale mwili unapokutana na uzi, unakufa. Profesa wao, Bi Ivonne, alikwisha kusema: ikifika Jumatatu bado unakufa, kazi ile inatupwa, na kila mmoja ataanza upya kivyake. Mwaka mzima, jamani!

Niliandaa mikate yetu ya marraqueta, ya moto, parachichi la kuponda lenye chumvi na mafuta kidogo, jibini, na siagi niliyoisogeza karibu na jiko la mafuta ya taa ili ilainike. Wakakaa mezani. Rayén alipaka parachichi kwenye mkate kama fundi anayepiga lipu.

"Haya," nikasema. "Mimi niliishia darasa la sita, lakini napenda kujua. Huo umeme unafia wapi hasa?"

"Muulize huyo," Rayén akajibu. "Mwili wake ndio unaoumeza."

"Mwili wangu mzima kabisa! Uzi wako ndio umeziba."

"Kilichoziba ni kichwa chako."

"Sijauliza nani," nikasema. "Nimeuliza wapi."

Rayén akashusha pumzi, akachana karatasi ya mkate, akachora duara na mstari mrefu. "Tazama, Bibi. Seli tunaikata vipande, kama unavyokata soseji. Kompyuta inahesabu umeme wa kila kipande pale katikati yake. Halafu inahesabu ni vigumu kiasi gani umeme kupita kwenda kipande cha jirani. Huo ugumu ndio ukinzani. Njia ikiwa nyembamba, ukinzani unakuwa mkubwa. Kwa hiyo hapa kwenye kiungo, ukinzani ni mkubwa sana."

Wilmer alikuwa na mkate mdomoni. Akaacha kutafuna. "Umesema mkubwa?"

"Sasa nisemeje?"

"Mimi hapo nimeweka mdogo. Mwili ni mnene, umeme unapita kirahisi."

"Hapo wapi?"

"Hapo hapo!" Akagonga mchoro kwa kidole chenye siagi.

"Kiungo ni kimoja, Wilmer."

"Ndiyo maana nashangaa."

Rayén akaweka kisu chini. "Kwa hiyo mwili wako unautoa umeme kwa wingi, kwa sababu unaona mlango mpana…"

"…na uzi wako unapokea kidogo, kwa sababu unaona tundu."

"Na unaobaki katikati unakwenda wapi?" nikauliza.

Walitazamana. "Haupo, Bibi," Rayén akasema taratibu. "Tumeupoteza kwenye hesabu."

"Basi tutumie namba yangu kote kote," Rayén akaongeza haraka.

"Thubutu! Yako nayo ni ya upande mmoja. Toka katikati ya mwili mpaka ukingoni, nusu hiyo ya njia inatoka kwangu. Toka ukingoni mpaka katikati ya kipande chako cha kwanza, nusu hiyo inatoka kwako. Tunajumlisha. Na jumla hiyo hiyo inatumika kwenda na kurudi."

Niliondoa sahani, Rayén akaweka kompyuta yake palepale juu ya makombo. Walipojaribu, umeme ukafa tena.

"Kurudi hujabadilisha, mvivu we," Wilmer akasema.

"Ningebadilisha saa ngapi na wewe unanipumulia shingoni?"

Akabadilisha. Kwenye kioo mstari wa juu, ule wa mwili, ukapanda kilima, ukashuka. Tukangoja. Kisha mstari wa chini, ule wa mwisho wa uzi, nao ukapanda. Kilima kifupi, kimechelewa kidogo, lakini kilima. Rayén alipiga ukelele hadi jirani akafungua dirisha kuuliza kama kuna tetemeko.

Jumatatu Rayén alinipigia simu. Bi Ivonne aliagiza wairudie mbele yake, akaitazama mpaka mwisho, kisha akasema waendelee pamoja na waongeze matawi ya seli.

"Mengi?"

"Mengi mno, Bibi, na kila tawi lina kiungo chake." Sauti yake haikuwa ya mtu anayelalamika.

Nyuma yake nikamsikia Wilmer, "La kushoto nachukua mimi!"

"Chukua tawi," Rayén akamjibu, "kiungo tunahesabu wote." Akakata simu bila kuniaga.