Kibla cha Mpagazi

Zuwena binti Selemani alikuwa na ulimi unaomtangulia, na Tabora nzima ilimjua hivyo. Ijumaa ile ulimwacha nyuma kabisa.

Swala ilikuwa imekwisha. Sabiri, muuza saruji na mabati ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alisimama mbele ya mihrabu, lile shubaka la tao lililo katika ukuta wa mbele ambamo imamu huswalisha, akainua simu yake juu ili kila mtu aione.

"Ndugu zangu, simu hii na simu za vijana wote mliowaona wakipima hapa wiki iliyopita zinasema neno moja. Makka haiko huku tunakoelekea. Iko kule." Akanyoosha mkono kuume, karibu na kona. "Ukuta huu unatupotosha miaka na miaka. Mimi naona tuubomoe, na tukishaubomoa huu, nyingine za nini? Tujenge msikiti wa kisasa, wa tofali za saruji, ulioelekea panapostahili."

Watu walianza kunong'ona. Nyuma ya kiambaza cha mbao kinachotenga upande wa wanawake, Zuwena alikwisha kusimama. Yeye ndiye mkandarasi aliyepewa kazi ya kuukarabati msikiti huo, na mwezi mzima alikuwa akishindana na mchwa kwenye boriti zake. Alisukuma kijimlango cha kiambaza, akatoka na ushungi wake umemkaa upande.

"Kaka Sabiri, simu yako hiyo ilikupeleka Nzega siku ulipokuwa unakwenda Sikonge. Leo ndiyo unataka itubomolee msikiti?"

Watu wakacheka. Angeishia hapo angekuwa ameshinda. Lakini Zuwena akisikia watu wanacheka upande wake huwa hajui kukaa chini.

"Msikiti huu kajenga babu wa babu yangu, na hakukosea. Kibla hiki kikionekana kimepinda, basi Ijumaa ijayo nitakuja na nyundo, na pigo la kwanza kwenye ukuta huu nitapiga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele yenu."

"Mmesikia?" alisema Sabiri, na sauti yake ilikuwa na raha.

"Wamesikia," alijibu Zuwena.

Imamu Nassibu, mtu mpole asiyependa makelele katika nyumba ya ibada, alifunga mjadala kwa dua fupi. Ijumaa ijayo kamati ingeamua.

Msikiti wenyewe, kwa asiyeujua, uko kando ya njia ya Kwihara ukishaiacha Itetemia. Watu huuita Msikiti wa Mpagazi. Kwa nje ni tembe kama tembe yoyote ya Kinyamwezi: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo lililolazwa juu ya boriti za mninga, na baraza ndefu ya kukwepea jua. Mnara hauna. Ukiingia ndani ndipo unapoona kwamba aliyeujenga alikuwa ameshatembea. Mlango umechongwa maua ya kipwani, na tao la mihrabu limepakwa chokaa nyeupe, na pembezoni mwake vimepachikwa vipande vya matumbawe. Bahari iko mbali na Tabora, hayo yanajulikana, na matumbawe hayatembei yenyewe.

Aliyeyaleta alikuwa Sadiki wa Mhoja, huyo babu wa babu yake Zuwena, wakati huo kijana wa Unyanyembe aliyekwenda pwani na misafara akiwa amebeba pembe za ndovu begani. Huko Bagamoyo alisilimu, akakaa na waashi, akajifunza kukata tao na kuchoma chokaa. Aliporudi nyumbani alirudi na mzigo wa mawe ambao hakuna tajiri aliyemtuma. Kwao Zuwena habari hiyo husimuliwa kila Idi, na kila mwaka mawe yanazidi uzito.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Zuwena alifika msikitini akiwa hana hata chembe ya wasiwasi. Alifuatana na Kornel, mwashi wake kutoka Usoke, Mkatoliki aliyezoea kuvua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Walisimika kijiti uani, wakafuata kivuli chake mpaka mchana ili waipate kaskazini ya kweli. Wakavuta kamba kutoka kwenye mihrabu. Wakapima kwa dira, kisha kwa ramani.

Kamba ya mihrabu ilikwenda kaskazini barabara. Makka ilikuwa kuume kwake, na si kidogo cha kubishania.

"Tupime tena," alisema Zuwena.

Walipima tena. Makka haikusogea.

Zuwena aliketi barazani, akavua kofia yake ya kazi. Alielewa kilichotokea, na kukielewa ndiko kulikomuuma. Ukiwa Bagamoyo, Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Ndivyo Sadiki alivyofundishwa na mafundi wake: mihrabu inatazama kaskazini. Akaishika kaskazini hiyo moyoni, akatembea nayo kuelekea machweo miezi mingi, na alipofika kwao akaisimamisha vilevile alivyoichukua. Hakuwaza kwamba kila siku aliyotembea kwenda magharibi, Makka ilikuwa inazidi kubaki mashariki, kuume kwa kaskazini yake. Alibeba mawe, alibeba ufundi, na kibla nacho akakibeba kama mzigo usiobadilika njiani. Kosa lile asingeweza kulifanya mtu mwingine ila mpagazi.

"Mama," alisema Kornel, ambaye humwita hivyo ingawa wanakaribiana umri, "ule mlango una mapambo ya chuma. Chuma huvuta dira. Unaweza kuwaambia hivyo, na nani atabisha?"

"Kivuli cha kijiti nacho kimevutwa na chuma?"

Kornel alianza kuikunja kamba.

"Nitawaambia kimepinda," alisema Zuwena. "Kimepinda ndiyo kimepinda." Lakini alikuwa na hasira: na Sabiri, na babu wa babu yake, na zaidi ya wote na ulimi wake mwenyewe. Aliiona nyundo mkononi mwake na matumbawe yakidondoka, na machozi yakamlenga.

Alasiri ilipoadhiniwa alitawadha, akaingia upande wa wanawake akiwa amenuna. Shangazi yake Kuluthumu alikuwa anatandika mikeka kama kawaida yake. Huku nyuma hakuna zulia. Sabiri alipoleta zulia lake kutoka Dar es Salaam, la kijani, lenye mistari ya safu, lilitosha upande wa wanaume tu. Mafundi wa zulia walilipima kwa ukuta, wakalinyoosha, na wanaume wakafurahi kwamba hatimaye msikiti wao umenyooka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu shika huko." Kuluthumu alimrushia ncha ya mkeka. "Hivyo sivyo! Miaka yote hiyo hujui kutandika? Kona iguse nguzo, na ncha hii iguse kizingiti."

"Si tungenyoosha tu na ukuta, shangazi? Tuwe sawa na wanaume."

"Wanaume wana zulia lao. Wenyewe wanatucheka kila Ijumaa eti safu zetu mshazari, wanawake hawajui kusimama. Mimi natandika alivyonifundisha mama mkwe wangu, naye alifundishwa na wake."

Zuwena aligusisha kona na nguzo. Ilikuwa nguzo ya tatu, ile iliyokaa nje ya mstari wa wenzake. Katika michoro yake ya ukarabati alikuwa ameiwekea alama nyekundu, kwamba ing'olewe na kurudishwa mahali pake, maana fundi wa zamani aliiweka ovyo.

Aliswali. Itakuwa alisahau hesabu ya rakaa, Mungu amsamehe, kwa sababu mwili wake ulikuwa unamwambia jambo. Tangu utotoni alisimama hivi, bega la kulia limerudi nyuma kidogo, akiikabili si mihrabu bali mahali fulani kuume kwake, na hajawahi kujiuliza kwa nini. Alipotoa salamu tu alichomoa dira mfukoni, akailaza juu ya mkeka.

"Unafanya nini mbele ya watu?" alifoka Kuluthumu.

Mkeka ulielekea Makka, sawasawa.

"Shangazi," alisema Zuwena kwa sauti ndogo, "zamani, kabla ya zulia, wanaume nao walitandika hivi?"

"Wote. Nguzo mpaka kizingiti, na wao kule mbele wakafuata mkeka wetu. Zulia lilipokuja wakasema ule ulikuwa uzembe." Kuluthumu alimtazama vizuri. "Mbona unalia?"

"Silii," alisema Zuwena, huku analia waziwazi.

Hakuweza kujua ni nani aliyeligundua kosa. Labda alikuwa Sadiki mwenyewe, kuta zikiwa zimeshasimama na mihrabu imeshakauka, akaona hawezi kubomoa nyumba nzima ila nguzo moja anaweza kuihamisha. Labda alikuwa msafiri mwenye elimu ya nyota aliyepitia hapa akienda Ujiji. Yeyote yule, hakupiga kelele. Alisogeza nguzo, watu wakatandika mikeka, maisha yakaendelea. Zuwena na Sabiri, kila mmoja na kipimo chake, ndio waliokuja kuona upogo pale palipokuwa na akili.

Ijumaa msikiti ulijaa mpaka barazani. Hata wasioonekana mara kwa mara walikuja, maana habari ya nyundo ilikuwa imefika mpaka stesheni. Swala ilipokwisha, Zuwena alitoka kwenye kiambaza akiwa na nyundo kubwa ya Kornel, akasimama mbele ya watu.

"Nilisema babu wa babu yangu hakukosea," alianza. "Alikosea. Nimepima mwenyewe. Kibla hiki kimepinda, na Kaka Sabiri amesema kweli."

Sabiri mwenyewe alionekana kutotarajia ushindi mwepesi namna ile. Alikohoa kidogo.

"Basi, dada. Ahadi ni ahadi. Ukuta ule pale."

"Nitapiga. Lakini kabla sijapiga, nawaomba wanaume mje mwone kitu. Imamu, kwa idhini yako, wanawake watupishe kidogo."

Imamu Nassibu aliitikia kwa kichwa. Wanawake walisogea ukutani, na wanaume, wengine wakiguna, wakapita kijimlango cha kiambaza ambacho wengi wao hawakuwahi kukivuka. Zuwena aliwapanga safu mbili juu ya mikeka, nyayo kwenye ukingo, bega kwa bega.

"Sasa toeni simu zenu."

Walitoa. Vioo vilimulika kila mahali. Mtu mmoja akasema "Subhanallah", mwingine akasema "Hebu lete yako." Kila simu ilionyesha kwamba Makka iko mbele ya kifua cha aliyeishika.

Zuwena aliwaonyesha nguzo ya tatu. Aliwaeleza habari ya kaskazini ya Bagamoyo na safari ya kwenda machweo, na akawaambia bila kuficha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepanga kuing'oa nguzo hiyo ili ipendeze. "Ukuta haukutupotosha," alisema. "Walioswali humu walijua umepinda, wakaswali sawa ndani yake. Sisi ndio tuliopotea, siku tuliyonyoosha."

"Na swala zetu tangu zulia?" aliuliza mtu mmoja kwa wasiwasi.

"Tumeziswali kwa tulivyojua," alisema Imamu Nassibu. "Leo tumejua zaidi. Mimi nitasimama pale kando ya mihrabu, nikigeuka kuume. Haitanipunguzia kitu."

Macho yote yalimgeukia Sabiri. Hakuwa ameondoka kwenye mkeka. Alikuwa ametazama chini, simu imezimika mkononi.

"Zulia lile," alisema taratibu, "nililinunua kwa niaba ya marehemu mama, alipokuwa bado hai. Nilitaka kila goti linalogusa pale thawabu imfikie. Na sasa mnaniambia zulia la mama yangu ndilo lililowapotosha watu."

Zuwena alikuwa na jibu kali tayari. Lilikuwepo hapo mdomoni, lingewachekesha watu. Alilimeza. Shangazi yake ndiye aliyesema, tena kwa upole ambao Zuwena hakuuzoea.

"Baba, hapo uliposimama ndipo aliposwali mamako. Huo mkeka chini yako kausuka yeye. Mwaka ule ulipoleta zulia, tulimwambia, mwambie mwanao atuletee na sisi. Akakataa. Akasema, mimi nimezoea hapa."

Sabiri aliinama. Alipitisha kiganja juu ya ukindu, mara moja, kisha mara ya pili, na watu walitazama pembeni ili wampe nafasi yake. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Nani ana kisu?" aliuliza.

Kornel, aliyekuwa mlangoni na soksi zake, alitoa kisu cha kukatia kamba. Sabiri alikichukua, akapita kijimlango, akaenda mbele kabisa, akapiga magoti kwenye kona ya zulia lake la kijani na kulibandua ukutani kwa mikono yake. Hakuna aliyemdai tena pigo lake, na Zuwena aliiweka nyundo chini. Alivuta kamba kutoka nguzo ya tatu mpaka mbele, akaikaza, ili zulia likatwe na kulazwa mshazari kama mikeka, akapiga magoti upande wa pili.

Sabiri aliweka ncha ya kisu kwenye zulia, kando ya kamba.

"Hapa, dada?"

"Hapo hapo, kaka," alisema Zuwena. "Kata."