Mafundo kwenye Kikwembe ya Mado

Hii habari alinielezea Mado mwenyewe, mwezi wa saba wa huu mwaka, siku tulikaa kwenye benchi ya hospitali kungojea munganga wa macho. Mi nilikuja kwa macho yangu. Yeye alisindikiza bwana yake. Foleni ilikuwa ndefu na munganga alikuwa bado kufika, basi akanieleza yote polepole, kama muntu anayetua muzigo.

Bwana yake ni tata Numbi, fundi wa magari kule Manika. Kama uko na gari ya zamani hapa Kolwezi, unamujua. Gari za sasa alizikatalaka. Alisema gari yenye kuongea peke yake haitaki fundi, inataka pasta. Lakini Mersedesi ya kizamani, Pejo ya kizamani, zote zilipita mukononi mwake.

Kitu kimoja, Mado peke yake njo alikijua, miaka mbili mizima: macho ya Numbi ilikuwa inaisha. Ilianza kama ukungu kwenye kioo cha gari, asubuhi za mwezi wa sita. Halafu ukungu ikakatala kutoka. Akabakia na mwangaza na kivuli, basi. Mikono ilijua kazi, lakini mukono hautambue visi, ile misumari ya kuzungusha, nyeusi na nyeupe, wala hauone tundu iko wapi kati ya tundu kumi. Na nani atamuachia fundi kipofu gari yake? Bantu bangesema "pole, tata", kesho bangepita upande ingine wa barabara. Numbi alimwambia Mado, kwa jina la binti yao: "Mama Jessica, siku batajua, unizike tu."

Basi bakatafuta njia yao. Kila mara Numbi akifungua visi, anamupa Mado, na Mado anaifunga fundo kwenye upindo wa kikwembe yake ya kiunoni, vile bamama banafungaka feza. Hatua ya kwanza, fundo ya kwanza. Hatua ya pili, fundo inayofuata. Siku ya kurudisha, banaanzia fundo ya mwisho, banarudi nyuma. Mado anafungua, anamutilia visi mukononi, anamwambia chini chini: "Ya juu, kushoto." Bantu bakipita, banaona muke amekaa karibu na bwana yake anamusemesha kazini. Balikuwa banaisifu ile ndoa hata kanisani.

Mado alikuwa amechoka. Asubuhi shamba, mchana gari, jioni chakula, na kinywa kufungwa siku yote.

Siku ya ine ya wiki moja, tata Djafari alileta Mersedesi ya marehemu baba yake. Huyu Djafari ni mwenye malori, yanabeba unga mpaka Sandoa. Mutoto wake Yasmine alikuwa anaolewa siku ya posho, njo jumamosi, na mabinti yote ya ile familia inatokea nyumbani ndani ya ile gari, si ingine.

"Vitesi ya tatu inaruka," alisema. "Ukipanda kilima, levie inarudi katikati yenyewe, motere inalia bure. Fundi, sitaki bajomba basukume bibi arusi na mavazi yao meupe."

"Habatasukuma," Numbi alijibu, uso umeelekea kwenye sauti. "Kesho jioni unakuja kuichukua."

Levie, ile fimbo ya kubadilisha vitesi, ao gia, imeshikwa chini ya konsole, ile sanduku ndefu katikati ya viti mbili vya mbele. Lazima konsole itoke kwanza. Numbi akazungusha kichwa cha levie, akakitoa, akavuta ngozi yake. Akatoa kisahani cha majivu ya sigara; nyuma yake, visi mbili fupi. Fundo. Akavuta redio, visi ine nyembamba. Fundo. Akaingiza mukono chini ya tapi, zulia ya gari, kule nyuma. Visi mbili ndefu sana. Fundo ya mwisho.

"Hii ndefu uichunge," alimwambia muke wake. "Ikiingia pa fupi, itauma nsinga ya umeme nyuma ya kisahani. Gari inaweza kuwaka na bibi arusi ndani."

Bakanyanyua konsole kutoka nyuma, bakaipitisha juu ya levie kama vile unamuvua shati mutoto aliyelala. Chini kulikuwa vumbi ya miaka arubaini, maganda ya karanga, na shanga moja ya tasbihi. Kipete cha plastiki chenye kushika levie kilikuwa kimekuwa unga. Numbi alichonga ingine na mpira mugumu wa bande ya mugodi, ule mukanda wa kubebea mawe, akaipima kwa kidole, akaipiga tupa, akaipima tena, mpaka jua ikashuka. Mado akavua kikwembe na mafundo yake, akaikunja, akaiweka chini ya kitanda.

Kosa ilikuwa pale. Kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa Kazadi.

Kazadi ni dada mudogo wa Numbi. Alikuja kutembea wiki tatu, na biblia mbili na chupa ya mafuta ya maombi. Muntu wa roho nzuri, lakini kinywa chake ni kama redio ya soko: ukimwambia asubuhi, saa sita Sandoa wanajua. Kesho yake, siku ya tano, Mado alikuwa kwenye foleni ya maji. Kazadi akafagia chumba, ufagio ikavuta kikwembe.

Mado alirudi na bido ya maji kichwani, akakuta mulamu wake Kazadi katikati ya kiwanja, jasho usoni, kikwembe imetandikwa chini, mafundo yote imefunguliwa. Visi nane zote ziko ndani ya bakuli moja, zinaogelea ndani ya mafuta ya maombi.

"Yaya Mado! Mungu ni mukubwa!" Kazadi alipiga makofi. "Nimejua kwa nini Jessica haizae! Miaka sita ya ndoa! Ona bananyonga tumbo la mutoto wenu, chini ya kitanda chako mwenyewe! Chuma, ndani ya fundo!"

Mado alitua bido. Maji ilimwagika kidogo kwenye miguu, hakuiona.

"Ni yangu," alisema.

"Nini ni yako?"

"Kikwembe ni yangu. Mafundo ni yangu. Nimefunga miye."

Kazadi akarudi nyuma hatua mbili. "Weye? Mama ya mutoto?"

"Ni ya kazi ya gari, Kazadi."

"Kazi gani? Fundi wa miaka arubaini hajue visi yake, mpaka muke afunge mafundo? Minaona bafundi wote wanatia visi ndani ya kopo! Unanidanganya, yaya. Sema jina la mwenye kukupa huu ulozi!"

Mado akawaza. Akisema kwa nini, basi macho ya Numbi itajulikana mpaka kanisani. Asiposema, yeye ni mulozi wa mutoto wake. Alipima ile mizigo mbili, akachagua ya kwake.

"Fikiri unavyotaka," alisema, akainama kuokota kikwembe.

"Nitaita pasta! Nitaita bakubwa ba familia, leo leo, kwenye hii kiwanja! Kaka yangu analala na nyoka!"

Pale pale gari ilisimama kwenye mulango. Djafari. Hakungoja jioni, moyo ya baba wa bibi arusi haitulie. Aliingia, akasimama, akaona bamama babili, bakuli, na gari yake tumbo wazi.

"Salama humu?"

Numbi alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari, mulango wazi, levie mukononi. Alikuwa amesikia yote. Mado alimuona anatafuta kipande cha kupanguza mikono. Kilikuwa kwenye goti lake, mukono ukakipita mara mbili. Halafu akasimama bila kupanguza.

"Kazadi, muache muke wangu," alisema. "Ile mafundo ni yangu. Mi sione tena. Miaka mbili. Yeye anafunga visi kwa mafundo ili mi nijue ya kwanza na ya mwisho. Hakuna ulozi. Kuna haya yangu tu."

 

Djafari aliangalia gari, akaangalia fundi.

"Tata Numbi," alisema, "kesho saa ine mutoto wangu anatoka nyumbani. Itatembea, haitatembea?"

"Mama Jessica akifunga, itatembea."

"Basi mama Jessica afunge. Mi naketi hapa." Akavuta tairi ya zamani, akaikalia, kanzu na yote.

Bakafanya kazi. Mado alivunja vijiti vya ufagio, akaingiza kimoja kimoja ndani ya kila tundu kupima kina, akakata na meno pale kinapoishia. Numbi akapokea kijiti na visi, akavilinganisha kwenye ncha za vidole: "Hii haiko yake. Hii njo." Kazadi alikaa chini, anapanguza kila visi na upindo ya nguo yake, macho chini.

"Yaya," alisema kisha, "mafuta yangu yanateleza. Utanisamehe."

"Leta tu ile ndefu."

"Hata visi zimebarikiwa sasa," Djafari alisema kutoka kwenye tairi. "Baraka ya Bakristo, lakini nitazichukua hivyo hivyo." Numbi akacheka, cheko fupi, lakini ilikuwa cheko.

Konsole ikarudi juu ya levie. Ndefu nyuma, nyembamba kwa redio, fupi kwa kisahani, na Mado ndani, magoti kwenye tapi, akifunga mwenyewe mpaka kiganja kikaota lengelenge. Djafari akawasha, akapanda kilima cha barabara kubwa, akarudi.

"Tatu inashika," alisema. Alipopanda kuondoka, akatoa kichwa dirishani: "Wiki ijayo nina Pejo ya shemeji. Nitamwambia aende kwa mama Jessica."

Kwa mama Jessica. Mado aliangalia uso wa bwana yake. Ulikunjamana kidogo, kama muntu aliyekanyaga jiwe, halafu ukatulia. Kazi haikuondoka kwenye kiwanja. Lakini jina ya fundi iliondoka kwa mumoja na kumupanda mwingine, na magoti ya Mado tayari ilikuwa inauma.

Kesho yake, posho, Kazadi alifua kikwembe mara mbili. Hakumwambia muntu kitu, na Mado anasema ile njo muujiza ya kweli. Kisha akajilaza kwenye mukeka, biblia kifuani, akalala. Numbi aliketi mulangoni, kichwa kimeinama upande wa barabara. Saa tano honi zikasikika kutoka mbali, magari kumi au zaidi, vigelegele, ngoma. Honi zikafika kwenye kilima. Numbi akanyanyua kidole, Mado asiseme, akasikiliza motere ya Mersedesi.

"Mbili," alisema. Akangoja. "Tatu. Imeshika."

Honi zikapita, zikaenda. Mado alipomugeukia, Numbi alikuwa amelala pale pale kwenye kiti, kinywa wazi. Mado akamufunika miguu. Kulikuwa sahani za kuosha, na foronya za kufua, na maji ya kuchota. Akaziangalia zote. Akatandika kikwembe, yenye ilikuwa bado na unyevu na harufu ya mafuta ya maombi, pembeni ya mukeka wa Kazadi, akajilaza juu yake mchana mweupe, mikono wazi, na usingizi ukamuchukua.