Mkimbiaji wa Sita

Mimi ni dobi, na mambo mengi ya binti yangu niliyajua kwenye nguo kabla hajafungua mdomo. Timu yake ya mbio za nyika iliniletea jezi kila baada ya mashindano, nikaziloweka kwenye beseni kubwa nyuma ya duka hadi tope likae chini. Jezi za wenzake zilikuwa na tope na jasho, basi. Ya kwake ilikuja na makamasi begani. Siku nyingine matapishi. Nikamwita kwenye meza ya pasi, nikamwekea jezi puani.

"Haya makamasi ya nani?"

"Sijui, mama. Ni wa shule nyingine."

"Humjui! Unambeba mtu usiyemjua, halafu uchafu wake nafua mimi?"

Akacheka mpaka akashika ubavu. Huyo ndiye binti yangu. Ukimgombeza anacheka, ukimsifu anaona aibu.

Ngoja nieleze, maana hata mimi nilichukua muda kuelewa. Katika mbio hizi shule inaleta wasichana saba, lakini wanaohesabiwa ni watano wa mbele tu. Aliyefika wa tatu ana pointi tatu, wa ishirini ana ishirini, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inachukua kombe. Binti yangu alikuwa wa sita kati ya wale saba. Raundi ya wilaya wa sita, raundi ya kanda wa sita, mwaka juzi wa sita, mwaka jana wa sita. Anatoka jasho lile lile, anarudi na malengelenge yale yale, halafu kwenye hesabu hayumo.

Ukivuka mstari wa mwisho hujamaliza. Kuna kijia kimezungushiwa kamba pande zote mbili, mnatembea mmoja nyuma ya mwingine mpaka kwenye meza, na hapo mwamuzi anakupa kadi yenye nafasi yako. Wasichana wengi wakifika kwenye kile kijia wamekwisha. Wanaanguka, wanatapika, wanaita mama zao. Binti yangu, kwa kuwa kadi yake haikuwa na kazi, akajipa kazi ya kuwainua. Yeyote, wa shule yoyote. Ndiyo maana wakamwita Nesi, na mwishowe hata mimi nikaacha jina nililompa nikamwita hivyo hivyo.

Usidanganyike na kile kicheko, lakini. Roho ilimuuma. Ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na jioni moja tukikunja mashuka ya wateja, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu, akasema bila kuniangalia:

"Mama, nikimaliza shule sijahesabiwa hata mara moja, itakuwa kama sikuwepo."

Nikamwambia asinitie uchungu, avute shuka vizuri. Lakini nililala na neno lile na nikaamka nalo.

Siku mbili kabla ya fainali ya taifa, msichana wao wa tano alitegua mguu mazoezini. Mwalimu wa michezo akaja mwenyewe dukani kuniambia. Mtu mrefu, mkavu, ana filimbi shingoni hata akienda msalani, nadhani.

"Mama Nesi, keshokutwa binti yako anahesabiwa."

Nilimkumbatia baba wa watu na mikono ya sabuni. Siku yenyewe nikafunga duka. Mwenye suti ya harusi alipiga simu akifoka, nikamwambia aoe na shati.

Fainali ilikuwa kwenye uwanja mpana wa nyasi nje ya mji, mvua imenyesha usiku kucha, tope mpaka kwenye vifundo. Kabla ya kuanza, mwalimu alimshika Nesi mabega yote mawili.

"Leo hakuna unesi. Ukivuka mstari, macho mbele, miguu mbele, chukua kadi yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Rudia."

"Macho mbele, miguu mbele, nachukua kadi."

Jamani, mtoto yule alikimbia! Mzunguko wa kwanza sikumwona, nikafikiri ameanguka shimoni. Wa pili nikamwona katikati ya kundi, mdomo wazi, tope mpaka kwenye nyusi. Wa mwisho alianza kuwapita. Mmoja, mwingine, mwingine tena. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, nikaanza kupiga mluzi, na mimi mluzi sijui. Nahodha wao alishafika, wa pili kati ya wasichana wote. Wenzake wakafika. Kisha binti yangu akavuka mstari, na mwalimu, ambaye alikuwa akijumlisha kwa vidole, akaruka juu.

"Kombe! Mama Nesi, kombe letu!"

Mimi nilishakimbilia kwenye kamba. Nesi alikuwa anatembea ndani ya kijia, anapepesuka, macho mbele kama alivyoambiwa. Mbele yake alikuwepo msichana mwembamba wa shule nisiyoijua. Ghafla yule msichana magoti yakalegea, akaenda chini uso kwenye tope, hakuweka hata mkono.

"Mruke!" nikapiga yowe. "Nesi, mruke! Tembea!"

Kando yangu kulikuwa na mwanamke ameshika koti dogo la michezo, akanigeukia. Nikajua papo hapo ni mama yake. Sikunyamaza. "Tembea, mwanangu!"

Sidhani kama Nesi alisikia. Sidhani hata kama aliamua. Mikono ilishazoea. Aliinama, akamgeuza yule mtoto, akamfuta tope puani na mdomoni apate kupumua, akampitisha mkono kwapani, akamsogeza kwenye kamba ili wa nyuma wasimkanyage. Na wa nyuma wakapita. Mmoja. Wa pili. Wakaenda mezani wakachukua kadi zao. Ndipo Nesi akashtuka. Nilimwona akishtuka, mkono kinywani. Akamkabidhi yule msichana kwa mama yake juu ya kamba, akaenda kuchukua kadi iliyobaki.

Alikuwa amepoteza nafasi mbili. Mwalimu alijumlisha mara tatu, kila mara polepole zaidi. Kombe lilikuwa limetupita kwa pointi moja.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alimshika Nesi mkono, akaniita na mimi, tukaenda kwenye hema la waamuzi. Njiani akatueleza. Sheria inasema ukizuiwa ndani ya kijia, mtu akakushika au akakuvuta, unarudishiwa nafasi yako. Ukitoka mwenyewe kwenye mstari, shauri yako.

"Kwa hiyo utasema alikushika," mwalimu akanong'ona. "Alikuwa hajitambui, hatajua, haitamdhuru kitu. Neno moja tu, Nesi. Wenzako wamelia mwaka mzima kwa kombe hili."

Na mimi nilitaka aseme. Sitajifanya malaika hapa. Nilimfinya mgongoni tulipoingia hemani, na alijua maana yake.

Mwamuzi mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye paji la uso, viatu vya mvua vimemfika magotini. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanangu, na kwa kweli aliuliza kwa upole.

"Haya, binti. Yule mwenzio alikushika?"

Nesi akaangalia kadi mkononi. Akaangalia nje, wenzake walikuwa wamesimama mlangoni mwa hema, nahodha mbele, wote wamemkodolea macho. Akamwangalia mwalimu. Akaniangalia mimi, nikamwashiria kwa kichwa, sema, sema mama.

"Hapana," akasema. "Hakunishika. Mimi ndiye nilimshika."

"Una hakika? Fikiri vizuri."

"Nina hakika, mama. Yeye hata mikono hakuweza kuinua."

Mwalimu akakaa chini juu ya kreti la maji. Mwamuzi akashusha miwani machoni, akasema matokeo yanabaki yalivyo. Nje, nahodha alimsubiri Nesi apite. Sikuwahi kusikia wakigombana wale wawili.

"Neno moja tu, Nesi," akasema. Hakupandisha sauti. Akageuka akaenda zake, na wengine wakamfuata.

Tukabaki wawili kando ya hema. Nilikuwa na maneno mengi, yote makali, yote tayari. Mtu anamlea mtoto miaka kumi na minane, anampigania, anafunga duka, halafu anaangalia mtoto akitupa kwa mikono yake kitu alichokililia. Nilikasirika naye. Nilikasirika na yule mwembamba, na mvua, na aliyetunga sheria ya watano. Nikafungua mdomo.

Hapo kipaza sauti kikakohoa. Wakaanza kusoma washindi wa pili. Shule yetu. Kisha wale watano, mmoja mmoja, jina na nafasi. Nahodha, wa pili. Wa pili wao, wa tisa. Uwanja ulikuwa na kelele, watu wanakunja mahema, hakuna aliyekuwa anasikiliza. Nesi alisimama wima na tope lake, mikono ubavuni. Walipofika kwa wa tano wakasoma jina lake, lile nililompa mimi siku aliyozaliwa, wakalisoma lote mpaka la babu yake, na baada yake ile nafasi iliyotuangusha.

Akanigeukia. Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye tope.

"Mama, umesikia? Wamenisoma."

Maneno yangu makali sikuyaona tena yalikokwenda.

"Nimesikia, mwanangu," nikasema. "Wamekusoma lote." Nikamvuta begani kwangu, akalia hapo, na nilikuwa nimevaa gauni langu jeupe.