Nyayo Kwenye Dari

Saa mbili na robo asubuhi mwalimu wa chekechea alisogeza meza ukutani, akavua viatu, akawaambia watoto wake ishirini na mmoja neno la lugha ya kigeni lenye maana ya "ruka". Hakuliandika ubaoni wala hakulitafsiri. Aliruka, nao wakaruka. Ndivyo alivyofundisha: neno liingie kwanza kwa miguu na mikono, ulimi utalikuta humo ndani. "Inama" walijifunza kwa kuinama, na "sukuma" kwa kusukumana mpaka mmoja akaketi ndani ya ndoo ya vinyago.

Wiki ya tatu watoto walilitamka "ruka" wenyewe, wakaruka, wakabaki juu. Mwalimu aliinua macho, akawahesabu, wakatimia. Ndipo akawafundisha "shuka". Kwenye mkutano wa wazazi aliambiwa angeanza na hilo, akakiri kosa.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa bibi mmoja aliyemlea mjukuu wake wa miaka sita, mmoja wa watoto hao, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiroboto kwa kuwa hakujua kutulia. Bibi huyu alikuwa amepiga deki miaka kumi na tisa katika shule kubwa ng'ambo ya barabara. Shule ile ilifundisha kwa lugha ya kigeni na kuchukua watoto kwa usaili. Bibi alitaka jambo moja tu duniani: Kiroboto apite juu ya sakafu ile akiwa na begi mgongoni, si ndoo mkononi.

Kila jioni walifanya mazoezi. Kiroboto alitoa amri kwa lugha ya kigeni, na kabla hajafunga mdomo Bibi alikuwa ameshageuka, ameshainama, ameshasogeza kiti.

"Bibi, we nani alikufundisha?"

"Msimamizi wa usafi. Anasema, nafanya."

"Kumbe naye mwalimu mzuri."

"Mh! Yule hajawahi kuinama hata siku moja."

"Basi sema mwenyewe, Bibi. Ukisema mwenyewe ndiyo linafanya kazi."

"Niseme ya nini, mume wangu? Maneno haya ni ya kuambiwa," Bibi alijibu, akamvua soksi.

Siku ya usaili Kiroboto alipakwa mafuta hadi magotini akang'aa kama sahani. Waliomhoji walikuwa watatu. Walimkalisha kwenye kiti, wakamwagiza akalie mikono yake, kwa sababu mtoto mwenye adabu hujibu kwa mdomo. Bibi alikuwa zamu. Alisimama ukumbini na ndoo yake, akichungulia kwenye kioo cha mlango.

"Ndege hufanya nini?" aliuliza mwanamke wa katikati, kwa lugha ile.

Kiroboto alijaribu kujibu akiwa ametulia. Neno lilikuwa mikononi na mikono ilikuwa imekaliwa. Alihangaika kidogo, kisha akaichomoa, akalisema, akapaa.

"Keti," akaambiwa.

Akaketi, hukohuko juu. Baadaye alijipindua ili awaone vizuri, nyayo zake zikagusa dari hapa na pale, na vumbi la barabarani likaacha alama tano nyeusi.

"Matamshi yake ni safi," alisema wa kushoto.

"Lakini ameacha kiti," alisema wa kulia, akaandika hivyo.

Msimamizi wa usafi akaitwa. Alizitazama zile nyayo, akamgeukia Bibi, akasema neno moja la kigeni: "Futa." Ngazi haikuwapo, ilikuwa bado inaagizwa.

"Sema mwenyewe, Bibi," alisema Kiroboto kutoka juu.

Bibi alitazama dari, akatazama ndoo. Kisha akatamka "panda", neno aliloambiwa mara elfu mbele ya madirisha na makabati, akapanda na ndoo yake bila kumwaga tone. Kiroboto alimshika kiuno, wakacheka wote wawili mpaka kitambaa kikamdondokea mwanamke wa katikati.

"Lete, tafadhali," Bibi alimwambia kwa lugha ile. Yule mama alinyoosha mkono, akamrudishia.

Msimamizi aliridhika. Alitoka kwenda kufuta agizo la ngazi.

Barua ilifika Ijumaa na mwalimu wa chekechea akaisoma. Kiroboto hakupata nafasi, kwa kuwa hajui kutulia kwenye kiti. Ndani ya bahasha hiyohiyo kulikuwa na karatasi ya pili, iliyomjulisha Bibi kwamba dari za majengo yote matatu zimeongezwa kwenye kazi zake.

Jumatatu saa moja kamili Bibi alisema neno lake, akapanda. Kufikia saa tatu alikuwa ghorofa ya juu, na kupitia dirishani aliwaona watoto ishirini na mmoja wakielea juu ya paa la chekechea, Kiroboto mbele, wakimpungia. Aliwapungia kwa kitambaa, akakikamua, akaendelea kufuta.