Ukingo wa Juu wa Kadi

Waliohudhuria dukani alasiri ile ya Jumamosi walikuwa hawa: Teddy, mwenye duka la steshenari pale Rusumo, ambaye pia hupanga na kuchapa kadi, Erasmus, wakala wa forodha, Marsiana, mkulima wa Bukiriro, na mdogo wa Marsiana, Wiston Rwekaza, fundi wa kushona maturubai ya malori. Asiyehudhuria alikuwa Manirakiza, na ndiye aliyezungumziwa kuliko wote.

Jambo lililowakusanya lilikuwa kadi. Kazi ya Wiston ilikuwa imekauka kama kisima cha kiangazi. Fundi mwingine alikuwa amefungua kibanda upande wa juu wa barabara, na madereva wengi walikuwa wakiishia huko. Erasmus, kwa ujirani mwema, alikubali kumpa kila dereva kadi ya Wiston pamoja na karatasi zake za forodha, alimradi kadi yenyewe ieleweke. Kadi ikishindwa, Wiston angefunga kibanda na kurudi Bukiriro kushika jembe. Hilo lilikuwa limekwisha kusemwa nyumbani, na Marsiana ndiye aliyelisema.

Teddy aliivuta karibu rasimu ambayo Wiston alikuwa ameiandika kwa mkono. Aliisoma hadi mwisho bila kutikisa uso.

"Fundi," alisema, "hii ni kadi au ni hotuba ya mgeni rasmi?"

Erasmus alicheka. Wiston hakucheka. Alikuwa ameandika kazi zote alizoziweza: maturubai, kamba, magunia, viti vya malori, mahema ya harusi. Chini yake aliandika kwamba mafundi ni wawili, Wiston na Manirakiza, na kila jina likapewa namba yake ya simu.

"Niambie, dereva akiharibikiwa huja kwako kwa sababu gani?" Teddy aliuliza.

"Turubai limechanika."

"Basi hayo ya harusi hayamhusu. Anayeuza kila kitu hukumbukwa kwa lipi? Tuandike kazi moja. Hayo mengine atayaona akifika."

Akachukua kalamu, akaanza kufuta, naye Wiston akawa anaitazama ile kalamu kama mtu anayetazama migomba yake ikikatwa. Erasmus akaongeza neno lake. Alisema amepanda malori mengi, na anajua kadi za mafundi hukaa wapi. Dereva huzibana kwa mpira kwenye kile kibao cha kuzuia jua, juu ya usukani, moja juu ya nyingine. Kinachoonekana ni ukingo wa juu tu. Sehemu nyingine yote imefunikwa.

"Kwa hiyo ukiweka jina lako juu kwa maua na mapambo, na namba chini, umejificha mwenyewe," alisema. "Dereva hakutafuti wewe. Anatafuta turubai."

Teddy alilipenda hilo. Akachora mstari karibu na ukingo wa karatasi, akaandika juu yake kazi na mahali, kisha namba kwa tarakimu nene. Karatasi, alisema, isiwe ya kung'aa, ili dereva aweze kuandika juu yake kwa kalamu. Wala pasiwe na picha ya lori, kwa maana dereva analo lori tayari.

Hadi hapo kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Ndipo kalamu ya Teddy ikafika kwenye lile jina la pili.

"Hilo liache," Wiston alisema.

"Manirakiza amesharudi?"

"Liache chini kabisa, Teddy. Kama chini hapaonekani, litamdhuru nani?"

Kazi ya turubai, likiwa limefungwa juu ya shehena, huhitaji watu wawili. Mmoja hujipenyeza ndani, gizani, kati ya turubai na mizigo. Mwingine hukaa nje juu ya ngazi. Wa nje huisukuma sindano kwenda ndani, wa ndani huivuta hadi uzi ukakaza, kisha huirudisha nje. Kwa kuwa sindano ile ni ndefu na wawili hao hawaonani, mafundi hawa walijiwekea utaratibu. Wa nje hugonga turubai mara mbili, yaani anauliza mkono uko wapi. Wa ndani hugonga mara moja, yaani ameuondoa. Mbili kuuliza, moja kujibu. Kwa miaka mingi Wiston alikuwa wa nje na Manirakiza wa ndani, wakizungumza kupitia turubai, mmoja kwa Kihangaza na mwingine kwa Kirundi, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Kisha Manirakiza akavuka mpaka kwenda kulitazama shamba la marehemu baba yake. Alisema angerudi maharage yakishapandwa. Maharage yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Wiston alituma salamu kwa madereva waendao huko, nao waliporudi walileta habari za barabara na mvua.

"Mimi nitasema, maana nikinyamaza nitaota jipu," Erasmus alianza. "Unaposhona peke yako unapanda, unaingia, unatoka, unashuka. Dereva anasubiri hadi anasinzia. Tena wanasema unagonga turubai mara mbili, halafu unangoja kama mtu aliye mlangoni kwa mkwewe."

"Ni mazoea ya mkono," Wiston alisema.

"Nilimwambia nitaingia mimi ndani," Marsiana alisema, akiwaeleza wengine kana kwamba mdogo wake hayupo. "Mikono ninayo, na giza siliogopi. Akaniambia mahali pale pana mwenyewe."

Wiston aliutazama mlango. Nje malori yalikuwa yamejipanga kuelekea darajani, na maturubai yake yalikuwa yakipumua kwa upepo.

Teddy hakutaka ugomvi dukani mwake. Akasema kila duka lina sheria zake, na ya kwake ni kwamba namba haichapwi kabla haijapigwa. Kadi yenye namba iliyokufa, alisema, ni sawa na kumwelekeza mgeni kwenye nyumba iliyohamwa. Akaishika simu yake.

"Usipige," Wiston alisema upesi.

"Ikipokelewa na Manirakiza, jina linabaki. Kuna haki kuliko hiyo?"

Akapiga, akaiweka simu mezani, sauti nje. Ikaita. Marsiana alimshika Erasmus mkono. Ikapokelewa.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke. "Kama ni turubai tena, mimi si fundi. Nauza dagaa, niko Nyakanazi."

"Samahani, mama," Teddy alisema. "Tulikuwa tunamtafuta Manirakiza."

"Hata wenzako humtafuta huyo huyo. Laini hii niliinunua dukani ikiwa mpya, na tangu hapo madereva wananiuliza sindano. Nimewaambia wamtafute fundi mwingine huko huko mpakani, na wengine wakanishukuru kabisa." Akacheka kidogo. "Wao afadhali. Yuko mmoja hupiga kila Jumapili jioni. Nikisema haloo, ananyamaza. Nasikia anavyopumua, kisha anakata."

Teddy aliinua mkono aikate simu, lakini yule mama aliendelea.

"Mwanzoni nilidhani ni mwizi. Sasa nimemzoea. Kuna Jumapili hakupiga, nikajikuta naitazama simu. Namba yake inaishia na tisa mbili-mbili. Kama mnamjua, mwambieni aseme tu shida yake. Mtu hapigi simu kila wiki bila shida."

Macho ya Teddy yalishuka kwenye rasimu, mahali alipokuwa ameziandika tarakimu nene, kisha yakaondoka hapo haraka. Alimshukuru yule mama, akamtakia biashara njema, akakata.

Erasmus, ambaye daima ana neno, alianza kufuta vumbi kwenye kiatu chake. Marsiana alisogea kwenye benchi hadi bega lake likagusa la mdogo wake.

"Wewe," alimwambia taratibu, kwa Kihangaza, "ulijua tangu lini?"

"Tangu yule mama alipopokea mara ya kwanza."

"Na ukaendelea kupiga."

"Hiyo ndiyo namba niliyo nayo, dada. Sina nyingine."

Akainamisha kichwa. Alikuwa ameielewa habari ya madereva pia: kila aliyempigia Manirakiza alikuwa ameelekezwa kwa yule fundi wa upande wa juu, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapa namba hiyo na kuwahimiza waipige, akitumaini kwamba labda siku moja mmoja wao angepokelewa na Manirakiza mwenyewe. Vidole vyake vikagonga meza mara mbili, bila yeye kukusudia. Akangoja. Hata yeye alijiona akingoja.

Kisha akaichukua kalamu mkononi mwa Teddy, akalikata lile jina kwa mstari mmoja ulionyooka, akaisukuma karatasi kwake. Akasimama, kama mtu anayesema mbele ya baraza.

"Nimeamua hivi," alisema. "Teddy, juu kwenye ukingo andika kwamba maturubai ya malori hushonwa Rusumo, na namba yangu. Chini weka jina langu peke yake, wala usiandike mafundi wawili. Erasmus, utaanza kugawa zikishachapwa. Dada, nenda kavune maharage yako kwanza, kisha uje, nikufundishe kujibu. Jina lako tutaliandika ukishajua. Mpaka hapo nitapanda na kushuka mwenyewe. Na kesho jioni nitampigia yule mama wa Nyakanazi kwa mara ya mwisho, nimsalimu, nimwambie nani alikuwa akipiga."