Nyasi za Makaburi ya Vaulorme

"Odile, hivi mumeo humpelekei hata ua moja kaburini?" Ndivyo jirani yake Simone alivyomuuliza, mwaka ule alipohamia kijijini kutoka mjini. Odile alicheka tu. Pale Vaulorme maua yalipelekwa altareni. Wafu waliachiwa nyasi na msalaba wa mbao, na nyasi hizo hazikuguswa hadi mkesha wa Watakatifu Wote, wajane walipozikata kwa mundu huku wakisali rozari.

Sasa ilikuwa Septemba, naye alikuwa amepiga magoti kaburini kwa mumewe Fernand, akibandua karatasi ya njano iliyobandikwa jana yake. "Kaburi lililotelekezwa." Gundi ilinuka kama samaki aliyechina, ikamganda vidoleni. Misalaba thelathini na mmoja ilibandikwa hivyo hivyo. Tangu Januari kijiji kilikuwa kimeunganishwa na mji wa Coursenne. Karani wa mji alipita, akaona nyasi zimefika magotini, akaandika.

Jioni Odile alikwenda kwenye mkutano wa makaburi katika ukumbi wa kijiji. Mbele alikaa Bwana Delcambre, naibu meya wa mji, na kando yake Gaston, aliyekuwa meya wa Vaulorme, ambaye mji ulimwachia kiti cha baraza na utepe wa umeya wa rangi tatu.

"Mama, sheria ni sheria," alisema Delcambre. "Jiwe la kaburi liwekwe kabla ya Pasaka, la sivyo mifupa itahamishiwa shimo la pamoja."

"Shimo! Kama viazi vilivyooza?"

"Nyasi zenyewe zinasema hakuna anayekuja."

"Ungekuja mwisho wa Oktoba, bwana, ungetukuta na mundu. Umekuja Septemba na gundi yako."

Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Odile akamgeukia Gaston. "Waambie, Gaston. Wewe umezaliwa hapa. Marehemu mama yako nilimwosha kwa mikono hii."

Gaston alikuwa akitafuna biskuti za wageni. Makombo yamemganda kwenye masharubu yenye mate. "Odile, dada yangu, dunia inabadilika. Mimi mama nimeshamwekea jiwe. Jeusi, zuri. Tangu wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita? Kabla hata hawajabandika?"

Gaston akachukua biskuti nyingine.

Delcambre akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Wa Gaston ulipanda wa kwanza, makombo yakidondokea utepe.

Mate machungu yalimjaa Odile mdomoni. Aliyameza, maana sakafu ile aliipiga deki mwenyewe asubuhi. Akafunga kitambaa chake kichwani, akafungua mlango, akatoka.