Jiwe la Paskazia

Hadi gari linaipita Kahama, Masele alikuwa ameshafungua kinywa na kukifumba mara kadhaa, kama kambale wa bwawani maji yanapomkaukia. Asteria alikuwa kwenye usukani, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameweka jeneza dogo jipya, sanda iliyokunjwa vizuri na msalaba wa mbao ambao rangi yake ilikuwa bado inanuka.

"Baba, alikuwa mrefu?"

"Nani?"

"Si huyo tunayekwenda kumchukua."

"Mrefu. Akiingia kanisani alikuwa anaanza kuinamia fremu ya mlango, ndipo anainamia altare."

Asteria alicheka. "Leo nitapima mwenyewe. Mfupa wa paja unakwambia urefu wa mtu. Nimeuguza watu wa kila namna, nimefunga plasta miguu ya walevi wote wa Shinyanga, lakini wa kwetu sijawahi kumwona hata ukucha."

Masele akageukia dirishani. Alikuwa amechoka, na si kwa sababu ya safari. Alichoka kama mtu aliyeambiwa nishikie mtungi huu kidogo, nakuja sasa hivi, halafu mwenye mtungi akaenda zake moja kwa moja.

Asteria alikuwa bado tumboni mwa mama yake, Bernadina, pale Enock, baba yake, alipotangazwa kuwa amefukiwa na duara, shimo la dhahabu, kule Bugarama. Masele alikuwa fundi wa kupigilia magogo ya kuzuia udongo mashimoni, na hakujaliwa mtoto. Akamchukua huyu akawa wake. Sare za shule alinunua yeye, malaria alikesha nayo yeye, na siku ya harusi mkono wa bibi harusi ulipita kwapani mwake. Sasa mgongo umekwisha, anakaa chumba cha uani kwa Asteria pale Ngokolo, na kila asubuhi mlango unagongwa, uji unaingia, na sauti inasema, "Shikamoo baba." Katika kuchimba kwake kote, neno hilo ndilo alilopata la maana.

Na chini ya msalaba wa Enock, huko walikokuwa wanakwenda, hapakuwa na Enock. Palikuwa na mgomba.

Ilikuwa hivi. Mwenye duara alidai Enock amemficha jiwe lenye dhahabu, akawaachia vijana wake wamtafute na mapanga. Masele na rafiki yao Chacha wakamficha Enock kwenye pagala. Usiku huo huo mvua ikashusha duara lililokuwa tupu. Asubuhi wale wawili wakatoka wamejipaka matope wakilia: Enock alikuwa mle, tumemtoa, ila hatazamiki. Wakakata mgomba bondeni, wakauvika blanketi, wakaupigilia misumari sandukuni. Mapanga yakarudi kwenye ala zake, na mwenye duara mwenyewe akatoa pole.

"Miezi michache tu," Enock alisema akiondoka. "Nitamtumia salamu Bernadina, anifuate."

Salamu hazikuja. Baada ya miaka Masele akamkuta Kalangalala, pale Geita mjini, anaitwa Gregory, anauza mabati, ana mke mwingine, ana mapacha na kitambi. "Masele, niache nilivyokufa," akamsihi. Masele akapanda basi akarudi, njia nzima akijiuliza amwambie nini Bernadina: wewe si mjane, wewe umeachwa? Akaona bora mjane. Bernadina akafa mjane, akazikwa Ngokolo. Sasa kampuni inapanua mgodi, makaburi ya kilimani yanahamishwa, na Asteria anataka wazazi wake walale pamoja.

Masele alibakiwa na tumaini moja tu, kwamba mgomba huoza. Ukishaoza, nani atabishana na udongo?

Walipofika kilimani, Chacha alikuwa ameshatangulia, kofia usoni, fimbo kwapani. Yeye ni Mkurya, na Wasukuma ni watani zake, kwa hiyo hakuwa na haja ya kusalimia kama watu wengine.

"Msukuma! Kumbe bado unatembea? Mimi nimekuja na sanda ya ziada nikajua tunakuunganisha humo humo."

"Mkurya ukija na sanda, marehemu umemuua wewe," Masele akajibu, bila nguvu.

Watu wakacheka. Chacha akamvuta pembeni, na sura ya utani ikamtoka.

"Masele, mle kuna jiwe."

"Jiwe gani?"

"Sanduku lilikuwa jepesi, bwana. Wabebaji wangeshtuka. Ulipokwenda kutafuta misumari nikatia jiwe la kusagia."

"La nani?"

Chacha alitazama tu upande wa pili, alipokuwa amekaa bibi mmoja kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, akingoja zamu ya kaburi la mumewe. Masele akamtambua Paskazia.

Paskazia alikuwa mamantilie wao enzi zile za maduara. Jiwe lake la kusagia ulezi lilipoibwa alilaani kilima kizima, asubuhi na jioni, hata watu wakasema kuku wa Bugarama wameacha kutaga. Katekista mmoja, mtu asiye na hatia, alimpelekea mawe mawili ya msingi wa nyumba yake, basi tu apate usingizi. Paskazia aliyakataa. Lake lilikuwa limemeguka pembe, na mpaka leo ukimpa shikamoo, baada ya marahaba anakuuliza kama umeliona.

Makaburi yalifunguliwa moja baada ya jingine. Bwana afya alisoma jina, ndugu wakasogea, katekista akasali, mifupa ikafungwa. Jua likapanda. Kila jembe lililoinuka lilimwinua Masele moyo, kila lililoshuka likaushusha. Kaburi la Enock liliachwa mwisho.

Wachimbaji waliondoa udongo mwekundu, kisha mweusi, kisha wakakuta misumari yenye kutu na uzi wa blanketi. Hapakuwa na mfupa. Jembe likalia, ngaa!

"Jiwe," akasema aliye shimoni.

Kabla mtu hajauliza, Chacha alishajitupa ukingoni kama alivyofanya siku ya mazishi, alipolala kaburini akadai kuku wa utani na kupiga kelele kwamba Wasukuma wanazika mgomba. Siku ile alisema kweli tupu mbele ya kijiji kizima, na kijiji kikacheka mpaka machozi, kwa kuwa kasema mtani.

"Niliwaambia!" akapaza sauti. "Niliwaambia mnazika mgomba! Wasukuma hamsikii! Ona, umezaa jiwe!"

Watu wakaangua kicheko. Paskazia akainuka, akapenya kwa fimbo yake, akachungulia.

"Limemeguka pembe," alisema polepole. Halafu akalia kwa sauti ya ujana wake: "Jiwe langu! Chacha, mwizi wewe!"

"Nilimpa Enock asagie ulezi huko aendako, mama. Ungempa wewe, bahili ulivyo?"

Kicheko kikapasuka upya. Hata bwana afya alijipangusa macho. "Sehemu nyingine udongo hula kila kitu," akamwambia Asteria kwa upole. "Chukua huo udongo, dada. Huo ndio yeye."

Basi ikawa imekwisha. Chacha alimtazama Masele kwa jicho la ushindi. Ilibaki kufunga sanda, kurudi Ngokolo, na kesho asubuhi uji ungeletwa kama kawaida.

Lakini Asteria hakuwa amecheka. Alishuka shimoni na viatu vyake vizuri, akapiga magoti, akaanza kuchekecha udongo kwa vidole. Alivunja bonge moja, akalitazama, akaliweka kando. Akavunja jingine. Alikuwa anatafuta paja. Alipokosa, akatandika sanda juu ya magoti na kuanza kuijaza udongo, kiganja kwa kiganja, kwa upole ule ule aliokuwa akimpaka nao Masele dawa ya mgongo.

Masele aliteremka. Hakujua mgongo umekubalije. Akamshika mikono.

"Acha, ng'wana wane, mwanangu."

"Baba, nimalizie."

"Acha. Mfupa unaoutafuta bado unatembea."

Chacha akasema, "Utani huo! Msukuma naye leo anajua utani!" Hakuna aliyecheka. Mzee na binti shimoni, wameshikana mikono, hawakufanana na utani.

Masele akamwambia yote, pale pale, kwa sauti ndogo: mapanga, mgomba, mabati, Gregory. Asteria alisikiliza macho yakiwa kwenye jiwe.

"Mama alijua?"

"Hakujua."

"Akafa anamsalia."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umekaa benchi hilo hilo la kanisani."

Asteria akaumwaga udongo, akaikung'uta sanda, akaikunja kwa mikunjo yake ya dukani. Akapanda juu bila kushikwa mkono. Alipofika kwenye gari aligeuka.

"Mzee Masele, panda. Utanielekeza Kalangalala."

Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alimwita hivyo. Chacha alivua kofia. Paskazia alikuwa ameshapandishiwa jiwe lake, amelikumbatia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na laana ya kumtupia mtu.

Kiti cha mbele Asteria alikuwa ameshauhamishia msalaba. Masele akapanda nyuma, akakaa ubavuni mwa jeneza tupu, magoti yamebanwa. Wakashika barabara ya Geita. Vumbi liliingia na hakuna aliyefunga dirisha.

"Ni mrefu kweli," Asteria akauliza, bila kugeuka, "au na hilo mlitunga?"

"Hilo ni kweli," Masele akasema. "Utampima mwenyewe."